Mwongozo kamili: kuichunguza chembe nyekundu ya damu kwa macho yako, kuanzia tone la kidole hadi mirija ya chumvi

Siku moja mwanafunzi wangu aliniita mbio kwenye hadubini, mwalimu njoo uone, huyu mtu ana ugonjwa gani, chembe zake zote zina miiba. Nikainama nikaangalia na kweli, lenzi nzima imejaa chembe zenye vichomozo kama shokishoki, huoni hata moja ya duara laini. Nikamuuliza damu ya nani hii, akasema yangu mwenyewe. Kijana mzima, hajaumwa miezi. Nikamwambia chukua tone lingine kidole hichohicho, safari hii usichanganye na kitu chochote, funika, angalia ndani ya dakika mbili. Miiba yote hakuna. Kumbe lile tone la kwanza alilichanganya na maji ya chumvi kutoka chupa iliyokaa wazi dirishani karibu wiki mbili, maji yamekauka kidogokidogo na chumvi imekolea, chembe zikanyonywa maji zikasinyaa.

Nimeanza na hii kwa sababu ndiyo kitu kikubwa nataka ukishike kabla hujagusa slaidi: chembe nyekundu inajibu kila kitu unachokiweka karibu yake. Chumvi, maji, kioo, joto, hewa, muda. Sehemu kubwa ya "chembe mgonjwa" ambazo watu wanaziona maabara zimetengenezwa na mikono yetu wenyewe pale mezani, na mtu asipojua hilo anaweza kuandika majibu yakamtesa mgonjwa wa watu. Kwahiyo mwongozo huu, kila hatua nitakwambia unafanya nini na pia ni wapi hatua hiyohiyo inaweza kukudanganya.

Kwanza uijue ilivyo

Chukua donge dogo la unga uliokandwa, libane katikati kwa kidole gumba na cha shahada bila kulitoboa. Hilo ndilo umbo lake. Upana maikroni 7 hadi 8, yaani ukizipanga mstari mmoja kama 130 hivi ndio unapata milimita moja, ukingoni unene ni kama maikroni 2 na katikati ni nyembamba zaidi ndiyo maana kwenye hadubini katikati panaonekana peupe. Haina kiini, haina mitokondria, ni mfuko wa utando uliojaa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kama molekuli milioni 270 ndani ya chembe moja. Inaishi siku 120 hivi halafu inaondolewa.

Sasa hapa kuna hesabu moja ambayo ukiielewa basi nusu ya tabia za chembe hii umezielewa. Ujazo wake ni kama maikroni 90 za ujazo, na eneo la utando wake ni kama maikroni mraba 140. Lakini ujazo huohuo ukiufunga kwenye umbo la mpira unahitaji utando wa maikroni mraba 97 tu. Maana yake ina utando wa ziada zaidi ya asilimia 40. Ni kama gunia ambalo halijajaa, unalikunja begani linakaa, unalipitisha mlango mwembamba linapita, wakati gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu halikunjiki hata ufanyeje na ukiliongezea kidogo linapasuka. Chembe yenye ziada ya utando inajipenyeza kwenye mishipa yenye upana wa maikroni 3 na kwenye matundu ya bandama ambayo ni membamba kuliko hapo. Chembe iliyojaa kama lumbesa inakwama bandamani na kuvunjwa huko.

Hili si jambo la jana. William Hewson kule London mwaka 1773 alieleza kwamba chembe hizi ni bapa, na kwamba ukiziwekea maji zinavimba kuwa mpira, ukiweka chumvi kwa kiasi chake zinabaki bapa, ukizidisha zinasinyaa. Hakuwa na umeme wala kompyuta. Utakachokifanya wewe kwenye hatua ya tatu huko chini ni kazi ileile, ila na vipimo.

Vifaa, na damu utaitoa wapi

Hadubini yenye lenzi ya 40 na ya 100, slaidi, vile vioo vyembamba vya kufunikia, lanseti (visindano vya kuchomea kidole) za kutumia mara moja, glavu, pamba na spiriti, sirinji za mililita 5 na ya mililita 1, mirija ya kioo 12, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, chumvi safi ya maabara, maji safi yasiyo na madini. Chumvi ya mezani huwa imeongezwa madini joto na wakati mwingine vitu vya kuzuia isigande, kwa majaribio ya kujifunza itakuonyesha picha lakini kwa kazi ya kuandika majibu tumia ya maabara. Maji ya bomba usitumie kabisa.

Kuhusu damu, kama ni shuleni mimi nashauri damu ya mbuzi au ng'ombe kutoka machinjioni. Ukiikinga, hapohapo weka sodiamu sitreti ya asilimia 3.8, sehemu 1 kwa damu sehemu 9, ama kama huna basi ikoroge kwa vijiti safi kama dakika 10 mpaka nyuzi zote za kuganda zijishike kwenye vijiti, inayobaki haigandi tena. Ila jua kwamba chembe ya mbuzi ni ndogo sana, maikroni 3 hadi 4 tu, na inapasuka mapema kwenye chumvi ambayo ya binadamu bado imetulia. Ukibahatika ukawa karibu na wafugaji wa ngamia, ile damu ni darasa peke yake, chembe zake zina umbo la yai na zinastahimili kuvimba kuliko za mnyama mwingine yeyote wa mfugo. Kuku nae chembe zake ni za yai lakini zina kiini katikati, mtoto wa kidato cha pili akiona hicho kiini kwa mara ya kwanza hasahau.

Kama ni chuoni na unatumia damu ya binadamu, tumia yako. Lanseti moja mtu mmoja mara moja, inaingia kwenye boksi la ncha kali hapohapo, hairudi mezani. Vilivyogusa damu vinalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5, na kama jiki yako imeandikwa 3.5 kwenye lebo basi unachanganya sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Soma lebo kwanza maana nguvu zinatofautiana. Na kama lengo ni utafiti, yaani unachukua damu za watu wengine hata wawe watatu, lazima uwe na kibali cha maadili na ridhaa yao ya maandishi. Tanzania Bara kamati ya taifa ipo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, Kenya unapita kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa na unachukua leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Usianze kwanza halafu uombe baadae, hawatoi kibali cha kazi iliyokwisha fanyika.

Hatua ya 1: tone bichi

Safisha slaidi kwa spiriti, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Choma pembeni mwa kidole cha pete, si katikati ya ncha, panauma zaidi. Futa tone la kwanza, la pili ndilo unalitaka, na liwe dogo kama kichwa cha pini. Gusisha kioo cha kufunikia kwenye hilo tone halafu kilaze juu ya slaidi, damu itatandaa yenyewe. Usikandamize.

Anza na lenzi ndogo, punguza mwanga (huu mwanga mkali ndio unaowafanya wengi waseme hawaoni kitu), halafu panda hadi 40. Penye damu nzito utaona chembe zimejipanga kama sarafu zilizowekwa moja juu ya nyingine, mistari mirefu inayojikunja. Usishtuke, kwenye tone zito ni kawaida, ni protini za utegili (yale maji ya damu yanayobeba chembe) hasa fibrinojeni zinazozifanya zishikane, na ukigusa kioo kidogo kwa ncha ya penseli zinaachana na kuungana tena. Tafuta pembeni palipo pembamba ambapo chembe inaelea peke yake. Tulia hapo dakika nzima. Utaiona ikipinduka ubavu, inaonekana kama fimbo iliyobonyea katikati, halafu inalala tena kuwa sahani. Ikigonga nyenzake inakunjika na kurudi. Huo ulaini ndio uhai wake wote.

Sasa fanya mambo mawili. Weka tone la chumvi ya asilimia 3 ukingoni mwa kioo upande mmoja, upande wa pili weka kipande cha tishu kinyonye. Maji ya chumvi yanapita chini ya kioo na macho yako yanaona mstari unavyosogea, chembe moja baada ya nyingine inasinyaa na kutoa miiba. Halafu slaidi nyingine, badala ya chumvi pitisha maji matupu. Hapa usipepese. Chembe inavimba, ule weupe wa katikati unapotea, inakuwa duara kamili yenye kung'aa, halafu ghafla rangi inaondoka. Haikuhama, ipo palepale, ila himoglobini imetoka na umebaki utando mtupu ambao utauona kwa shida kama kivuli. Kitaalamu ndivyo wanavyouita, mizuka ya chembe.

Na wapi utadanganyika hapa. Kioo chenyewe. Chembe zikielea kwenye maji ya chumvi matupu yasiyo na protini, zikakaa karibu na kioo, zinaanza kutoa miiba hata kama chumvi ni 0.9 kamili, kwa sababu kioo kinapandisha alkali ya maji yanayokigusa. Ukiongeza utegili kidogo wa damu hiyohiyo miiba inarudi ndani. Marcel Bessis, yule Mfaransa aliyetumia maisha yake kupiga picha chembe hizi na kuzipa majina ya maumbo yake, alisisitiza sana kwamba haya ni mabadiliko yanayorudi nyuma, sio lazima yawe ugonjwa. Kwahiyo kanuni ya mezani kwangu ni kwamba hakuna kuandika "chembe za miiba" mpaka umeziona kwenye tone bichi lenye utegili wake mwenyewe.

Hatua ya 2: kupaka na kutia rangi

Tone dogo mwisho wa slaidi, slaidi nyingine ya kusukumia iweke mbele ya tone, nyuzi 30 hadi 45, rudisha nyuma iguse tone, subiri damu itambae pembeni, halafu sukuma mbele kwa mwendo mmoja bila kusita. Ikitoka vizuri inaonekana kama ulimi, nzito mwanzoni na inayofifia mwishoni. Kausha haraka. Kisha methanoli dakika 2 hadi 3, halafu rangi ya Giemsa. Maji ya kuchanganyia rangi yawe na pH 6.8 kama unataka maumbo ya chembe, 7.2 kama unawinda vijidudu vya malaria.

Ninyi wa Tanga, Mombasa, Dar na visiwani, hii aya ni yenu. Hewa yetu ina maji mengi. Slaidi inachukua muda kukauka na methanoli ikiachwa wazi inanyonya unyevu, matokeo yake chembe zinapata vishimo vyeupe vinavyong'aa katikati, vyenye ukingo mkali kama umekata kwa mkasi. Nimeona mtu akiviita vijidudu, na nimeona mwingine akiandika upungufu mkubwa wa madini ya chuma kwa sababu katikati peupe sana. Weupe wa kweli unafifia polepole kuelekea ukingoni, weupe wa unyevu una mpaka mkali na unametameta ukizungusha skrubu ya kulengea. Dawa yake ni feni, kausha slaidi mbele ya feni pale pale, na methanoli mimina kidogokidogo kutoka chupa iliyofungwa vizuri, ile ya kwenye kopo imwage jioni.

Na usisome popote tu. Penye damu nzito chembe zimelaliana. Mwishoni kabisa kwenye ncha ya ulimi zimetandazwa mpaka weupe wa katikati umepotea na zote zinaonekana kama mipira, ukisoma pale kila mtu atakuwa na ugonjwa wa chembe mviringo. Soma kabla ya ncha, mahali ambapo chembe zinakaribiana na chache tu zinagusana.

Hatua ya 3: mirija ya chumvi

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inageuza kile ulichokiona kwa macho kuwa namba. Unauliza swali moja: hili gunia lina nafasi kiasi gani kabla halijapasuka?

Tengeneza chumvi ya asilimia 1, yaani gramu 1 kamili kwenye maji yanayofika jumla mililita 100. Halafu mirija yako iandike 0.90, 0.70, 0.60, 0.55, 0.50, 0.45, 0.40, 0.35, 0.30, 0.20 na 0. Kila mrija utakuwa na jumla ya mililita 5, na hesabu yake rahisi, zidisha asilimia unayotaka kwa 5 unapata mililita za chumvi, zinazobaki ni maji. Mrija wa 0.90 unaweka chumvi mililita 4.5 na maji 0.5. Wa 0.45 unaweka 2.25 na maji 2.75. Wa 0.30 ni 1.5 na 3.5. Wa mwisho maji matupu. Kwa kazi ya hospitali wanatumia chumvi iliyotulizwa pH 7.4, kwa kujifunza hii inatosha lakini andika kwenye daftari kwamba hukutuliza pH, maana ikishuka chembe zinapasuka mapema zaidi.

Damu ya mshipa kwenye tyubu yenye heparini, dawa ya kuizuia isigande, ikiwa chini ya masaa 2 tangu itolewe, ama masaa 6 kama ilikaa kwenye friji. Zaidi ya hapo chembe zimeanza kuvimba zenyewe na majibu yako ni ya damu iliyochoka, sio ya mwenye damu. Itikise polepole ichukue hewa mpaka iwe nyekundu ya kung'aa. Weka maikrolita 50 kila mrija, ziba, pindua taratibu mara tatu nne, usitikise kama dawa ya kikohozi, kutikisa peke yake kunapasua chembe. Acha dakika 30 kwenye joto la chumba na andika joto ni ngapi. Hapa nasisitiza kabisa, maana chumba cha nyuzi 32 cha pwani na chumba cha nyuzi 20 cha Arusha havitoi mstari mmoja.

Kabla ya kuzungusha mashine, chukua gazeti. Shika kila mrija mbele ya maandishi. Mrija wa 0.90 ni mwekundu lakini una ukungu, herufi huzioni, kwa sababu chembe nzima zinatawanya mwanga. Shuka taratibu. Utafika mrija mmoja ghafla herufi zinasomeka kupitia rangi nyekundu safi kama juisi ya rozela iliyochujwa vizuri. Hapo chembe zimepasuka. Kwa mtu mwenye afya upasukaji unaanza kwenye 0.50 hadi 0.45 na unakamilika 0.35 hadi 0.30. Wanafunzi huwa wanataka kuruka hili la gazeti waende kwenye mashine, mimi siwaruhusu, mashine ikikosea siku moja ni macho yaliyozoea gazeti ndiyo yatakayogundua.

Sasa zungusha dakika 5 kwenye sentrifyuji, ile mashine ya kuzungushia mirija, ama kama huna acha mirija isimame usiku kucha kwenye friji. Chembe nzima zinakaa chini kama kitufe, ya juu soma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima ukali wa rangi, mawimbi ya nanomita 540. Mrija wa 0.90 ndio sifuri yako, wa maji matupu ndio mia. Kila usomaji gawa kwa ule wa maji zidisha mia, chora mstari, chumvi chini na asilimia ya kupasuka pembeni. Utapata umbo la S iliyolala. Tafuta nusu, yaani 50, shuka chini usome chumvi. Kwa watu wazima wenye afya iko kati ya 0.40 na 0.445.

Mstari ukihamia kwenye chumvi nyingi, chembe zinapasuka mapema, maana yake zimejaa kama lumbesa, kama ilivyo kwa ugonjwa wa kurithi wa chembe mviringo. Ukihamia kwenye chumvi kidogo, chembe zina nafasi kubwa kuliko kawaida, kama kwenye thalasemia (ugonjwa wa kurithi wa himoglobini), upungufu wa madini ya chuma na selimundu. Ila angalia, namba hii haikutajii jina la ugonjwa. Inakwambia uwiano wa utando na kilichomo ndani, basi. Chembe mviringo zinazosababishwa na kinga ya mwili kushambulia damu yake yenyewe zinatoa mstari uleule na za kurithi.

Kabla hujaosha mirija fanya na hili, halichukui hata dakika tano. Tengeneza urea asilimia 1.8, ambayo kwa hesabu ya nguvu ya kuvuta maji inalingana na chumvi ya 0.9. Urea ya maabara, au hata chembechembe za mbolea ya urea kwa maonyesho tu. Weka damu. Wote darasani watakwambia haitapasuka kwa sababu nguvu zinalingana. Itapasuka, tena ndani ya sekunde chache, gazeti linasomeka. Kwa nini? Urea inapita kwenye utando kirahisi sana kuna mlango wake maalumu, inaingia ndani, maji yanaifuata, gunia linajaa. Halafu yeyusha urea ileile ndani ya chumvi ya 0.9, weka damu, haipasuki, kwa sababu chumvi iliyobaki nje bado inashikilia maji. Kwahiyo sio tu kiasi gani kimeyeyuka nje, ni je kinaweza kuingia au hakiwezi. Nimefundisha hili kwa maneno miaka na hakuna aliyeelewa, tangu nianze kuonyesha hii mirija miwili sijapata swali tena.

Hatua ya 4: kuinyima hewa

Hapa tunaingia kwenye selimundu na naomba tuwe makini, kwa sababu hii ni kwa ajili ya kujifunza tabia ya chembe na si ya kumwambia mtu wewe ni mgonjwa.

Pima gramu 0.2 za sodiamu metabisalfaiti, yeyusha kwenye maji mililita 10. Siku hiyohiyo, ya jana imwage. Tone moja la damu, matone mawili ya hiyo dawa, changanya, funika, futa kilichozidi, na ziba kingo zote nne kwa Vaseline au rangi ya kucha. Dawa inakula oksijeni yote iliyomo. Angalia baada ya dakika 15, 30, na saa moja. Pembeni weka slaidi mbili nyingine, ya damu inayojulikana ina selimundu na ya damu inayojulikana haina. Bila hizo mbili usisome kitu, dawa mbovu inaonekana sawasawa na damu salama.

Himoglobini S ikikosa oksijeni inajiunga kuwa nyuzi ngumu ndani ya chembe na hizo nyuzi zinaivuta. Utaona ncha inachomoza upande mmoja, kisha wa pili, mpaka inakuwa mundu au jani la mwarobaini. Usichanganye na miiba ya hatua ya 1: miiba ni mingi, mifupi, inazunguka chembe nzima, wakati mundu una ncha mbili na mwili mrefu. Kisababishi chake chote ni kiungo kimoja cha protini kilichobadilishwa, valini mahali pa asidi ya glutamiki, nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta, badiliko alilolitambua Vernon Ingram mwaka 1957, miaka minane baada ya Linus Pauling na wenzake kuonyesha kwamba tatizo liko kwenye molekuli ya himoglobini yenyewe.

Kipimo hiki kinachanganya aliyebeba vinasaba vya upande mmoja na mgonjwa mwenye vya pande zote mbili, wote wanatoa mundu. Mtoto chini ya miezi 6 anaweza asitoe kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, na aliyeongezewa damu karibuni anaweza kukudanganya vilevile. Jibu la kweli linatoka kwenye elektroforesi au vipimo vingine vya kutenganisha himoglobini, mpeleke huko.

Lakini kipimo hichihichi kilifanya kazi kubwa hapa kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alizunguka nchi na msafara wa Oxford akikusanya damu na kupima kwa kuinyima oksijeni, akaona kitu cha ajabu: pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye himoglobini S ni wengi, nyanda za juu ni wachache sana. Ramani ile ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyebeba upande mmoja anakingwa na malaria kali. Slaidi, Vaseline na uvumilivu, na hadubini.

Na kazi haijaisha. Kule Kilifi, Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome wakiwemo Silvia Kariuki walichapisha mwaka 2020 kuhusu watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu. Utando wa chembe zao umekazwa zaidi, na kimelea cha malaria kinapojaribu kuingia kinashindwa kuukunja. Tena waligundua kwamba hata kwa mtu asiye na Dantu, chembe ambayo imetokea kuwa na utando uliokazwa sana nayo inakwepa. Yaani tunarudi kwenye gunia lilelile.

Hatua ya 5: hesabu usijipendelee

Ukishajua slaidi ipi ni ipi, jicho linaanza kuona unachokitaka. Mwombe mwenzako abandike karatasi juu ya majina aandike namba tu, orodha akae nayo yeye. Hesabu chembe 500 kila slaidi, kwa mwendo wa kuchana uwanja kwenda na kurudi, usirukie zile nzuri. Rudia jaribio zima siku tatu tofauti, damu mpya, chumvi mpya. Namba zikitofautiana sana usichague inayokupendeza, tafuta nini kilibadilika, joto la chumba, umri wa damu, nani alipima chumvi.

Daftari langu kila ukurasa unaanza hivi: tarehe, saa damu ilipotoka, saa ilipowekwa kwenye mrija, joto la chumba, tarehe chumvi ilipotengenezwa, na nani alitengeneza. Mistari sita kabla ya jibu lolote. Yule kijana wa shokishoki sasa ni mtaalamu wa maabara na juzi alinitumia picha ya daftari lake, mstari wa tano ameupigia mstari chini kwa kalamu nyekundu.